Saiklokrosi ya breki za rimu kwenye changarawe: kipi kibadilishwe, kipi kiachwe

Swali: Fundi, habari za kazi. Nimepata baiskeli ya mtumba ya saiklokrosi (mbio za kwenye tope na nyasi): fremu ya alumini, foku (uma wa mbele) ya kaboni, breki za kantileva (mikono miwili inayobana rimu ikivutwa na waya), tairi 700x32, meno ya mbele 46 na 36, kaseti 12-25 ya spidi 10, leva za Shimano. Nataka niiendeshe kwenye barabara za vumbi na changarawe upande wa Monduli, na lami kidogo. Nikifunga breki ya mbele kwa nguvu, foku yote inatetemeka. Mlima nao unanishinda. Wapo wanaoniambia niweke magurudumu ya 650b yenye tairi pana, wengine wananiambia niiuze nitafute ya diski. Nifuate lipi? – Msomaji, Arusha

Jibu: Usiiuze bado, na hizo 650b ziache. Tuanze na hilo la pili, kwa sababu ndilo linalokula hela za watu bure.

Rimu ya 700C ina kipenyo cha milimita 622 pale tairi inapokaa. Ya 650b ina 584. Tofauti ni milimita 38, maana yake ukingo wa rimu unashuka milimita 19 kila upande. Baiskeli ya diski haijali, kwa kuwa diski iko kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Yako inafungia kwenye rimu, na vile vishikizo vya breki vimechomelewa au kugandishwa kwenye fremu, havihami. Nafasi ya kupandisha na kushusha mipira ya breki kwenye kantileva nyingi haifiki hizo milimita 19. Utabaki na mipira inayogusa tairi, na tairi ikichanika pembeni mteremkoni hakuna breki itakayokusaidia.

Kwa hiyo baki na 700C, ila tafuta tairi pana kuliko hiyo 32. Upana wa mwisho utaamuliwa na fremu. Baiskeli hizi zilitengenezwa kwa mashindano ambayo UCI, chama cha baiskeli cha dunia, imeweka ukomo wa tairi wa milimita 33, lakini watengenezaji waliacha nafasi ya tope, na nafasi hiyo ndiyo unayoitumia leo. Toa gurudumu la nyuma, pima upana wa ndani wa mikono miwili ya chini ya fremu pale tairi inapopita. Ukipata 46, toa milimita 4 kila upande kwa ajili ya mawe na kuyumba kwa rimu: unabaki na 38. Pima na foku, pande zote mbili na juu. Huna kipimo? Ufunguo wa aleni wa milimita 4 upite bila kukwaruza huku gurudumu likizunguka. Masika ni habari nyingine. Ule udongo mweusi wa mbugani hujaza nafasi ya milimita 4 ndani ya dakika chache na gurudumu likagoma kabisa, kwa hiyo miezi hiyo rudisha 32 au 33.

Fremu nyingi za aina yako zitakubali 35, baadhi 38. Chagua yenye uso laini katikati na vijino pembeni. Na usiamini namba iliyoandikwa ubavuni: tairi ileile hunenepa kwenye rimu pana na kukonda kwenye nyembamba. Kwa mtu wa kilo 70 kwenye tairi ya 38 yenye tyubu, anza na psi 38 mbele na 42 nyuma. Kwenye 35 ongeza psi tano mbele na tano nyuma. Ukisikia rimu inagonga jiwe, umepunguza mno.

Tyublesi, yaani tairi isiyo na tyubu, kwenye rimu za zamani sikushauri. Hazina ule ukingo wa ndani wa kushikilia tairi mahali pake, na tairi inaweza kuruka ghafla. Kwa miiba ya migunga, nunua tyubu ambazo kiini cha valvu hufunguka, utie dawa ya kuziba mililita 40 hadi 60 kila moja. Inatosha kwa miiba midogo. Kama magurudumu uliyopewa ni ya tairi za kubandika kwa gundi, na mitumba ya mashindano mara nyingi huja nayo hayo, yatoe moja kwa moja. Pancha ya njiani huwezi kuiziba.

Sasa huo mtetemo. Wengi huambiwa mipira imekaa vibaya, wanaipinda pua iguse kwanza, mtetemo unapungua wiki mbili kisha unarudi. Kiini kiko kwenye waya. Ganda la waya wa mbele linaishia juu, kwenye kishikizo kilicho karibu na hedseti (beringi za usukani), na kuanzia hapo waya mtupu unashuka hadi kwenye mikono ya kantileva iliyo kwenye foku. Ukifunga breki, foku inapinda kuelekea nyuma. Ikipinda, umbali kati ya kile kishikizo cha juu na breki unaongezeka, lakini waya haurefuki, kwa hiyo breki inajivuta yenyewe zaidi. Foku inapinda zaidi, mipira inateleza, foku inarudi, halafu mzunguko unaanza upya, mara nyingi kwa sekunde. Dawa ni kumaliza ganda la waya chini, kwenye foku yenyewe.

Njia ya bei ndogo ni kishikizo cha waya kinachofungwa kwenye tundu la taji la foku, pale mikono yake miwili inapokutana juu ya gurudumu. Angalia kama foku yako ina tundu hilo mbele. La kaboni usilitoboe mwenyewe. Njia ya pili, ambayo ningeichagua kwa mbele, ni breki za V fupi, mkono wa milimita 80 hadi 90. Zinakaa kwenye vishikizo vilevile vya kantileva. Usinunue V za baiskeli ya mlima zenye mkono wa 100 na ushee: leva za barabara huvuta waya kidogo, utabana hadi leva iguse usukani na breki haijashika vizuri.

Kuifunga: paka grisi vishikizo, ingiza springi kwenye tundu la katikati, kaza bolti za milimita 6 kwa Nm 5 hadi 7. Ganda la waya litoke kwenye leva moja kwa moja hadi kwenye bomba la kupinda la breki, na katikati uweke kirekebishi cha waya, maana leva za barabara hazina chake. Mipira ikae milimita 1 hadi 1.5 kutoka kwenye rimu. Hapo ndipo ugumu ulipo, rimu iliyopinda milimita moja itakwaruza kila mzunguko, kwa hiyo nyoosha spoki kwanza. Kagua pia kama lile bomba na waya wake haviigusi tairi kwa juu; mkono wa 80 juu ya tairi ya 38 hubana sana. Na kutoa gurudumu lenye upepo itabidi ufungue bomba kwanza.

Nyuma acha kantileva. Kule mtetemo huu haupo, na vituo vya waya kwenye fremu mara nyingi haviko mahali pa kulisha V. Shusha tu kile kipande kinachounganisha waya mkuu na waya wa kati (ule unaopita kati ya mikono miwili ya breki): kikishuka breki inapata nguvu, ila leva inasafiri zaidi na mipira lazima ikaribie rimu. Simama pale leva ikibanwa kwa nguvu inapobakiza upana wa vidole viwili kutoka kwenye usukani. Waya wa kati usikaribie tairi chini ya milimita 20. Waya mkuu ukikatika, huo wa kati huangukia kwenye vijino na kufunga gurudumu.

Giya. Meno 36 mbele na 25 nyuma hukusogeza kama mita 3.1 kwa mzunguko mmoja wa pedeli. Ukiweka 34 mbele (kama bolti zako ziko kwenye duara la milimita 110; la 130 halikubali chini ya 38) na kaseti ya 11-34, unashuka hadi mita 2.2. Tofauti hiyo utaijua kwenye mlima wa kwanza. Kibadilisha giya cha nyuma cha sasa hakitafika meno 34. Kama leva zako ni za spidi 10 za kabla ya Tiagra 4700 (toleo la vifaa vya barabara vya Shimano), tafuta kibadilishaji cha baiskeli ya mlima cha Shimano cha spidi 9, mkono mrefu, mfano Deore M591. Usidanganyike na cha spidi 10 cha mlima kwa kuwa namba zinafanana: kinavutwa kwa uwiano mwingine, giya hazitakaa. Cheni mpya ipimwe kwenye meno makubwa mbele na nyuma bila kupita kwenye kibadilishaji, kisha uongeze pingili mbili.

Diski inawezekana mbele tu, kwa foku nyingine yenye urefu wa karibu milimita 395 kutoka ekseli hadi taji, gurudumu jipya na kalipa (kibanio cha diski) ya waya. Hesabu bei ya vyote vitatu kabla hujaanza.

Kabla ya haya yote, weka rula iliyonyooka kwenye ukuta wa rimu mahali mpira unapofungia. Vumbi lililolowa ni msasa, na rimu za mtumba zimeshasagwa miaka. Mwanga ukipita chini ya rula katikati, au alama ya kidoto ya uchakavu imefutika, rimu hiyo usiijaze upepo tena, badilisha. Zikiwa nzima, tumia mipira laini ya rangi ya samoni, na kila baada ya safari ya mvua itoe uchomoe kwa ncha ya sindano vipande vya alumini vilivyojichimbia ndani yake.