Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Kuvuta Usaha Kwenye Kidonda cha Upasuaji

SWALI: Asalaam aleikum, Daktari. Mamangu ana umri wa miaka 61 na anaugua kisukari. Alipasuliwa tumbo wiki tatu zilizopita. Siku ya nane kidonda kikaanza kutoa usaha, nyuzi zikafunguliwa, na sasa madaktari wanataka kumwekea sponji na mashine ya kuvuta. Shangazi anahofia kwamba mashine itamnyonya damu, na jirani anatushauri tumwoshe kwa maji ya bahari. Je, mashine hiyo ina hatari? Ataacha sindano za antibiotiki? Na akiruhusiwa kuja nayo nyumbani, stima ikipotea tufanyeje?
Msomaji, Likoni.

JIBU: Waaleikum salaam. Pole kwa kuuguza; Mungu ampe mama shufaa.

Sponji hukatwa kwa umbo la kidonda, hutiwa ndani yake, hufunikwa kwa plastiki yenye gundi isiyopitisha hewa, kisha mpira huiunganisha na pampu ndogo. Mara nyingi pampu huvuta kwa nguvu ya milimita 125 za zebaki, yaani takriban sehemu ya sita ya shinikizo la hewa tunayoivuta hapa pwani. Nguvu hiyo huondoa majimaji, hupunguza uvimbe, huvuta kingo za kidonda zikaribiane na huchochea nyama mpya kuota. Utaratibu huu ulienea baada ya Louis Argenta na Michael Morykwas wa North Carolina, Marekani, kuchapisha matokeo yao mwaka 1997.

Hofu ya shangazi isipuuzwe. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2009, ikalirudia mwaka 2011, baada ya kupokea taarifa za vifo 12, vingi vikitokea nyumbani au katika makao ya kuuguzia, na kuvuja damu kulikuwa tatizo zito kuliko yote. Kwa hiyo, kabla hamjakubali, mwulizeni daktari mambo mawili: je, mama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na je, chini ya kidonda kuna utumbo au mshipa mkubwa wa damu ulio wazi? Sponji haiwekwi moja kwa moja juu ya vitu hivyo. Majimaji ya rangi ya waridi katika mpira si ajabu. Lakini mkiona damu nyekundu inayotiririka, zimeni pampu, msiibandue sponji, kandamizeni juu yake na mumkimbize hospitali.

Kuhusu sindano, mashine haiui vijidudu. Kwanza daktari huitoa nyama iliyokufa na kuusafisha usaha wote, kwa sababu kuvifunika chini ya plastiki ni kuufungia ugonjwa ndani. Antibiotiki huendelea hadi daktari aseme zisimamishwe, na sukari idhibitiwe kila siku, kwani sukari ikiwa juu kidonda hakifungi hata kikipata mashine bora kuliko zote. Sponji hubadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu, na mapema zaidi pale penye maambukizi. Kila anapoiweka, muuguzi aandike idadi ya vipande, na anapoitoa avihesabu, kwa kuwa kipande kilichosahaulika humo kinaweza kuanzisha usaha upya.

Niseme pia, kwa ajili ya familia inayofikiria gharama, kwamba vidonda vingi vya namna hii hupona kwa shashi safi inayobadilishwa kila siku na mikono iliyonawa. Gharama ikiwalemea, mwelezeni daktari waziwazi, wala msione haya.

Maji ya bahari, tafadhali, hapana. Maji ya chumvi ya hospitali yametakaswa na yana gramu 9 za chumvi kwa lita. Ya bahari yana takriban gramu 35, pamoja na bakteria ambao wanaweza kumdhuru vibaya mgonjwa wa kisukari.

Pampu za kubebwa zina betri, hivyo ichajini daima. Hata hivyo, isizimike kwa zaidi ya saa mbili kwa siku, maana sponji isiyovutwa hugeuka dimbwi la majimaji machafu. Ikizidi hapo, sponji itolewe na pawekwe shashi iliyoloweshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali. Ombeni muuguzi awafundishe kazi hiyo kabla hamjaondoka wodini.

Na kwa kuwa mnakaa Likoni, ikiwa hospitali yenu iko kisiwani Mombasa, fikirini habari ya kivuko. Foleni ya feri usiku haimsubiri mtu anayevuja damu. Kama mna jamaa upande wa mjini, mama akae kwao hadi mashine itakapoondolewa.