Vipimo vyote safi, mbona nahisi nakufa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 34, nauza vitenge Kariakoo. Tangu mwezi wa tatu moyo unanienda mbio ghafla, kifua kinabana, midomo na vidole vinakufa ganzi, nahisi nakata roho. Mara ya kwanza ilinikuta ndani ya mwendokasi, siku hiyo nilikuwa napeleka rejesho la mkopo. Nimepima moyo, sukari, presha, damu na tezi ya shingo, kote hakuna kitu. Nimechoma sindano za taifodi dozi tatu. Daktari wa mwisho akasema ni mawazo tu. Shemeji akanipeleka kwenye kipimo cha mwili mzima, wakaona mishipa ya moyo imeziba mafuta na damu ina sumu. Dawa ni laki nne na nusu. Ninunue? (Mama wa Mbagala)

JIBU: Marahaba, mama. Usinunue.

Nianze na hiyo mashine, maana karatasi zake naletewa kila mara. Kabla ya kukushikisha kile kijiti cha chuma walikuuliza umri, urefu na uzito? Nilijua. Mafuta kwenye damu hupimwa kwa kutoa damu. Mshipa wa moyo ulioziba hutafutwa kwa picha maalumu, baada ya kuingiziwa dawa inayoufanya mshipa uonekane. Hiyo ni kazi ya mahali kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, si ya chumba kilicho juu ya duka la simu. Kijiti kilichoko mkononi hakioni mshipa wala ini. Na angalia dawa anauza nani: yule yule aliyekupima.

Sasa hiyo "ni mawazo tu". Inaniudhi karibu sawa na mashine, kwa sababu ndiyo inayowasukuma watu kwenye mashine. Mtu moyo unamdunda mara 120 kwa dakika akiwa amekaa, halafu anaambiwa haumwi. Anajua haongopi. Basi anaamua kuna kitu vipimo vimeshindwa kukiona, na hapo ndipo safari ya kupima upya inapoanza. Mama, hujazua kitu. Dalili zako ni za mwili kabisa, zinahesabika na zina njia yake. Zinafanana na shambulio la hofu, ambalo kwa Kiingereza huitwa panic attack.

Chukua hiyo ganzi, ambayo ndiyo inayowatisha wengi wakidhani ni kiharusi. Ukiingiwa na hofu unapumua haraka na kwa juu juu, mara nyingi bila kujijua. Ukipumua hivyo unatoa hewa ya ukaa kuliko mwili unavyoitengeneza. Ikipungua kwenye damu, asidi ya damu inashuka, na kalsiamu iliyokuwa huru inajishika kwenye protini. Neva zikikosa kalsiamu hiyo zinakuwa nyepesi kushtuka: midomo inachonyota, vidole vinakufa ganzi, wengine viganja vinajikunja kabisa. Mishipa ya ubongo nayo inasinyaa kidogo, ndiyo kizunguzungu. Wakati huo wewe unahisi hewa haitoshi, kwa hiyo unavuta zaidi, na ganzi inaongezeka. Kifua kinabana kwa sababu misuli ya mbavu imefanya kazi kupita kiasi. Moyo kwenda mbio ni kazi ya adrenalini, inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Adrenalini hiyo hiyo ndiyo ingekuokoa kama ungekuwa unakimbizwa. Mwili wako umekuwa na mlinzi anayepiga filimbi kila paka akipita ukutani: filimbi ni ya kweli, mwizi hayupo.

Tukio kama hilo hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka lenyewe. Ndiyo maana unafika mapokezi umeshatulia, presha nzuri, na shemeji anakutazama kwa jicho la pembeni.

Taifodi niiseme, maana mjini hapa imekuwa jina la kila uchovu. Kipimo cha haraka cha Widal kinatafuta kinga ya mwili, na kinga hiyo hubaki kwenye damu muda mrefu baada ya ugonjwa kupona. Maambukizi mengine pia huipandisha. Kinachothibitisha taifodi ni kuotesha damu maabara. Mtu asiye na homa, anayechomwa dozi ya tatu kwa sababu moyo unamdunda, hatibiwi taifodi. Anafundisha vijidudu usugu, na anajifundisha mwenyewe kwamba kila akitishika dawa yake ni sindano.

Nina jambo moja nimeliona kwenye barua yako. Mkopo umeutaja mara moja ukaupita haraka. Nikikisia ni ule wa kausha damu, wa riba ya kukamua, sidhani nitakosea sana. Sisemi mkopo ndio ugonjwa, ila daktari atakayekutibu auulize, na usingizi wako auulize, na kahawa na vile vinywaji vya kuongeza nguvu unavyonunua stendi.

Vipimo ulivyofanya vinatosha. Usirudie vile vile kila mwezi. Nenda kliniki ya afya ya akili, Muhimbili ipo, na Temeke hapo karibu na kwako. Hakuna atakayekupakia basi la Dodoma kwenda kulazwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Tiba ya mazungumzo inasaidia sana, na zipo dawa za kila siku zisizolevya, ila huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Hofu ikija, toa pumzi polepole kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta, na usishuke kwenye basi ukiweza kuvumilia. Usipumulie ndani ya mfuko kama wanavyoshauriana watu. Kumbe ni pumu au moyo, unajinyima hewa. Kisomo sikikatazi, kikikutuliza soma, na kliniki uende.

Kwa wengine mnaosoma: maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda ngazi, yanayoelekea mkononi au tayani, au yanayokuja na jasho jingi, ni ya kukimbizwa hospitali. Kuzimia, kupungua uzito na homa pia si mambo ya barua hii, nayo yanataka kupimwa. Msijiambie ni wasiwasi kabla ya kupimwa mara moja, vizuri.

Na wenye maduka ya dawa mnaohesabia watu Valium bila cheti, mnajua mnachofanya. Vidonge hivyo hutuliza ndani ya saa moja, ndiyo maana mtu anarudi kesho. Baada ya wiki chache mwili unavizoea, dozi inapanda, na hofu ikirudi inarudi na nguvu zaidi. Kama tayari unavinywa kila siku, usiviache ghafla kwa sababu umenisoma mimi. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Mwone daktari akupunguzie kidogo kidogo.