Kituo cha hali ya hewa nyumbani: majibu ya maswali yenu

Fundi, kituo changu kinasoma mgandamizo wa hewa hektopaskali 829, simu inasema 1,018. Tena kinachora mvua siku ya jua kali. Nikirudishe dukani? (Mbeya mjini)

Usikirudishe. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo mgandamizo unavyopungua. Hiyo 829 ndiyo hewa unayoivuta; ya simu imesahihishwa hadi usawa wa bahari. Ingiza mwinuko wa kwako kwenye mipangilio, zitakaribiana.

Mchoro wa mvua ndio wenye shida. Vifaa vingi vimetengenezewa nchi kama za Ulaya, ambako mgandamizo hushuka sana mvua ikikaribia. Huku kwetu hupanda na kushuka mara mbili kila siku, kilele kikiwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, mvua ije isije. Kwa hiyo pampu ya bustani usiifungamanishe na mchoro huo hata siku moja. Ifungamanishe na mvua iliyokwisha kupimwa.

Nina viazi nyuma ya nyumba. Nataka pampu iwashe vinyunyizio yenyewe sakitu (umande unaoganda kuwa barafu) ikija. Niweke nyuzi sifuri? (Njombe)

Mama, ukisubiri sifuri umechelewa. Julai moja nilitoka alfajiri, kipima joto kwenye mlingoti kinasoma 3, na majani ya viazi yamekuwa meupe, ukiyagusa yanavunjika. Usiku usio na wingu wala upepo, majani hupoa kuliko hewa iliyo mita moja na nusu juu yake. Hewa baridi nayo ni nzito, inateremka bondeni kama maji. Weka kihisi cha pili usawa wa majani, sehemu ya chini kabisa ya shamba, ndicho kiamrishe pampu: kikifika 4 simu ilie, kikifika 1 pampu iwake.

Lakini piga hesabu ya tenki kwanza, nakusihi. Ukishaanza kunyunyizia usiache mpaka jua litoke na barafu iyeyuke. Ukikatiza katikati unaumiza mimea zaidi. Mita za mraba 100, kwa milimita 3 kila saa, ndani ya saa sita zinakula lita 1,800. Kama huna maji hayo, iache simu ikuamshe tu, ufunike viazi kwa nyasi kavu jioni inayofuata dalili za kwanza za baridi.

Maji ya bati yaingie tenkini lini? (Iringa)

Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Baada ya kiangazi, mwaga milimita 2 za kwanza. Zimebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Kisha valvu igeuke, maji yaingie tenkini. Kagua kipima mvua pia: jani moja likiziba tundu lake, nyumba nzima itaamini hakuna mvua.

Upepo ukivuma, mapazia ya kitalu changu yanafunga na kufungua bila kupumzika, mota inapata moto. (Makambako)

Umetumia namba moja, tumia mbili. Yafunge upepo ukifika kilomita 30 kwa saa, yasifunguke mpaka ukae chini ya 20 kwa dakika kumi na tano mfululizo. Mota iache ipoe kwanza kabla ya kuijaribu.