Karatasi inayonasa upande wa pili

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina steshenari hapa Tanga, natoa mitihani ya shule mbili, mbele na nyuma, kwa printa ya leza ambayo karatasi unaigeuza mwenyewe. Tangu masika yaanze, upande wa kwanza unatoka safi, nikigeuza inanasa au inavuta mbili mbili. Rola nimebadilishiwa, shida iko palepale. Ninakonunua rimu wananishauri niache gramu 70, nichukue gramu 80 nyeupe zaidi. Je, tatizo ni karatasi au printa? Na hizo gramu ni za nini hasa?

JIBU: Nzuri, dada yangu, na pole kwa usumbufu, maana mitihani haisubiri. Kwa dalili ulizonipa, naishuku karatasi kabla ya printa. Na katika karatasi yenyewe, nayashuku maji kabla ya gramu.

Karatasi haiwi kavu kabisa hata siku moja. Inatoka kiwandani na maji kama asilimia 4 hadi 5 ya uzito wake, na kiasi hicho kinatakiwa. Rimu moja ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa kilo mbili na nusu, kwa hiyo ndani yake tayari kuna karibu gramu 125 za maji, nusu ya kikombe kikubwa cha chai. Sasa ifungue uiache kwenye rafu Aprili, mlango wazi na upepo wa bahari ukipita. Karatasi inanywa ile hewa mpaka maji yanafika asilimia 8 au zaidi. Kwa macho huoni kitu. Ila ipapase: imelegea, na ukiitikisa haitoi ule mlio mkavu.

Karatasi ya namna hiyo ikiingia kwenye leza inakutana na fyuza, zile rola mbili zinazoibana kwa joto linalokaribia nyuzijoto 200 ili unga wa tona uyeyuke na kushika. Maji yanafukuzwa ghafla, na upande ulioelekea moto unakauka kuliko mwenzake. Upande unaokauka unasinyaa, karatasi inajikunja. Hapo hapo inatua kwenye trei ya juu, bado ya moto, na kingo zake zinaanza kunywa tena unyevu wa chumba huku katikati pakiwa pakavu. Kingo zinatanuka, katikati hapatanuki, unapata mawimbi pembeni. Wewe unaichukua hivyo hivyo, unaigeuza na kuirudisha kwenye trei ya chini. Rola inaidaka kona iliyoinuka, au inashika mbili zilizolaliana. Ndiyo maana rola mpya haikusaidia.

Chungulia pale karatasi zinapotokea wakati mashine inafanya kazi. Ukiona mvuke mwembamba kama wa kikombe cha chai, hayo ni maji ya karatasi, mashine haiungui. Dalili nyingine ni maandishi kufifia kwa mabaka. Tona inavutwa kutoka kwenye dramu, ile silinda inayobeba sura ya ukurasa, kwa chaji ya umeme inayowekwa nyuma ya karatasi, na karatasi yenye maji inaivujisha chaji hiyo, kwa hiyo unga haushiki sawasawa. Watu wengi wanatupa katriji nzima kwa sababu hiyo, na inaniuma kila nikiiona, kwa sababu katriji ni pesa nyingi na ilikuwa haina kosa.

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ya uwakala wa mizigo, Dar es Salaam. Nilibadilisha rola, nikabadilisha na kipande cha kutenganishia karatasi, baada ya wiki wakanipigia tena. Mara ya tatu nilikwenda na rimu yangu, ikiwa bado imefungwa. Karatasi mia mbili zikapita bila kunasa hata moja. Nikaomba kuonyeshwa stoo yao: maboksi yamepangwa chini kwenye sakafu ya saruji, yamegusa ukuta wa choo. Tangu siku hiyo naanza kuangalia stoo kabla ya kufungua printa.

Basi anza na jaribio hilo. Chukua rimu mpya, ifungue palepale mbele ya printa, toa kurasa hamsini mbele na nyuma. Ila ukimaliza upande wa kwanza usigeuze papo hapo. Zigonge zilingane, zilaze mezani, weka juu yake kitu kizito na bapa, rimu mbili ambazo hazijafunguliwa zinatosha. Ziache zipoe kabisa. Kabla ya kuzirudisha, zipepee kama mtu anayechanganya karata, halafu jaza trei nusu tu. Kama mashine yako ina mlango wa nyuma wa kutolea karatasi, ufungue, karatasi itoke imenyooka badala ya kupinda juu ya rola.

Karatasi ya kufungia rimu nayo usiichane hovyo. Kwa kawaida ina tabaka la ndani la kuzuia unyevu, ndiyo kazi yake kubwa. Ukitoa nusu, ikunje tena uibane, au tia rimu kwenye mfuko wa plastiki ufunge. Usiku usiache karatasi kwenye trei msimu huu. Maboksi yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, na yakitoka kwenye gari yape siku nzima ndani ya chumba kabla ya kuyafungua.

Kuhusu gramu: ni uzito wa karatasi hiyo hiyo ikiwa na ukubwa wa mita moja ya mraba. Kipimo cha A0 ni mita moja ya mraba, na A4 kumi na sita ndizo zinazotoka humo, kwa hiyo A4 moja ya gramu 80 ina gramu 5 kamili. Hesabu hiyo inakupa silaha dukani. Rimu ya karatasi 500 za gramu 80 iwe kilo 2.5 na kidogo ya karatasi ya kufungia. Ya gramu 70 inakuja karibu kilo 2.2. Azima mizani ya jirani anayeuza sukari. Ikiandikwa 80 na mizani ikasoma 2.2, ama ni nyepesi kuliko ilivyoandikwa ama idadi haitimii.

Aliyekushauri gramu 80 hajakosea, ila sababu yake si hiyo ya kunasa. Gramu 70 ikichapwa pande zote mbili, maandishi ya nyuma yanaonekana mbele, na mtoto anayesoma mchoro wa Jiografia anasumbuka. Gramu 80 inaficha zaidi na inasimama imara kwenye rola. Ikilowana, nayo itanasa. Weupe hauna uhusiano wowote na kupita kwenye mashine. Ile namba kubwa ya weupe kwenye pakiti sehemu yake inatokana na dawa za kung'arisha, na kwa mitihani sioni haja ya kuilipia.

Kuna jambo moja ambalo hakuna anayeliuliza dukani. Nyuzinyuzi za karatasi hulala kuelekea upande mmoja, kule mashine ya kiwandani ilikokuwa ikikimbilia. Karatasi inayolowa hutanuka kwa ubavu wa nyuzinyuzi kuliko kwa urefu wake, na inajikunja kama mkeka, mstari wa mkunjo ukifuata nyuzinyuzi. Kwa printa za ofisini tunataka zilale kwa urefu wa A4. Kata vipande viwili vya sentimita 2 kwa 20, kimoja kwa urefu wa karatasi, kingine kwa upana. Vilaze kimoja juu ya kingine, vishike ncha moja vikiwa vimelala, ncha ya pili ining'inie hewani. Kisha vigeuze, cha juu kiwe chini. Katika mkao mmoja vitaachana, na kile kitakachoanguka chini kimekatwa kinyume cha nyuzinyuzi. Kikiwa ni kile cha upana, rimu yako ni nzuri. Nikikuta cha urefu ndicho kinachoanguka, rimu hiyo siitumii kwa kazi ya pande mbili.

Kwa kuwa una steshenari, nikuonye na hili: karatasi ya picha ya kung'aa, ya printa za wino, isiingie kamwe kwenye leza. Tabaka lake linayeyuka juu ya fyuza, na hapo utanunua fyuza.

Fanya jaribio la kurasa hamsini. Ikiwa rimu iliyofunguliwa dakika hiyo hiyo inanasa hata upande wa kwanza, niandikie tena unitajie modeli ya printa na mahali karatasi inaposimama. Hapo ndipo tutaifungua mashine.