Zima tochi kwanza

Mwezi wa kumi na moja 2023, si mnaukumbuka ule mgao wa umeme, mimi nilikuwa kwa bibi Kongwa, nimeenda kutuliza akili baada ya kazi kuisha vibaya mjini. Kusali nilikuwa nasali, ila yaani napiga magoti nasema yale yale, kodi, kazi, ada ya mdogo wangu, amina, nalala. Ni kama nilikuwa namsomea Mungu bili.

Siku hiyo umeme ukakata saa mbili usiku, nikatoka na mkeka uani sababu ndani joto, sio kwamba nilikuwa wa kiroho sana, nisije nikajipamba hapa. Mwanzoni nikaona nyota chache tu kama za Dar. Nikawasha tochi ya simu kutafuta ndala, bibi akasonya, "We mjukuu wangu zima hiyo, unatupofusha." Nikazima. Tukakaa kimya, na polepole anga likaanza kujaa, kumbe nyota zilikuwepo muda wote ila macho yangu ndo yalikuwa bado. Baadaye ndo nikajua macho yanataka kama dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza, na ukichungulia simu tu umeyarudisha nyuma.

Bibi akanionyesha Kilimia, kale kafungu ka nyota upande wa mashariki, kama vifaranga wamejikunyata pamoja, akasema enzi zao kikionekana hivyo jioni mtu anaangalia jembe lake liko wapi. Nikashtuka. Mimi hicho Kilimia nimekisoma kwenye Ayubu mara kibao, pale Mungu anapomuuliza kama anaweza kuufunga mnyororo wake, nikajua ni neno la kizamani tu. Kumbe ndo kile pale, juu ya paa la choo cha bibi.

Hiyo sehemu ilikuwa inanikera kusema kweli. Mtu kafilisika, kazika watoto, anauliza kwa nini, halafu anajibiwa habari za nyota? Usiku ule haikunikera. Nililia kidogo, bibi akajifanya haoni, giza nalo lina faida zake.

Kwa hiyo kama maombi yamekukauka, jaribu usiku usio na mwezi, zile siku mwezi unapokaribia kuandama. Simu iache ndani kabisa, sio kuweka sailensi. Jifunike shuka maana mbu hawana dini, na kaa uani kwenu, usiende porini peke yako ukasema mimi ndo nilikutuma. Dakika 20 za kwanza usiombe chochote. Utaboreka, utakumbuka madeni, kaa tu. Mjini taa ni nyingi ila mwezi wa tano jioni ukitazama kusini Msalaba wa Kusini unauona hata Kimara.

Kuna watakaokwambia giza ni la shetani. Kwenye Kutoka 20 watu walisimama mbali, Musa ndo akalisogelea lile giza zito, na Mungu alikuwa humo humo. Mikesha yetu naipenda, ila na zile spika sijui nani anapata nafasi ya kusikia.

Kazi nilikuja kupata mwaka uliofuata, sio sababu ya nyota, nisidanganye. Na bibi siku hizi akipiga simu, kabla hata ya kuniuliza nimekula nini, anauliza huko kwenu kuna mawingu?