Tumpe, chukua hizo maksi

Tumpe mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Huku Tukuyu hatujambo, mvua tu ndiyo haitupi nafasi. Umeuliza kama kuwasaidia hesabu akina mama wa kikoba, kikundi chao cha kuweka na kukopa, kule Uyole kutabaki kuwa kujitolea iwapo mhadhiri wako atakupa maksi, au utakuwa umewatumia. Nimelijadili na baba yako mpaka akasinzia. Mimi nasema chukua maksi.

Sisi shuleni tulifanya kazi nyingi ambazo hazikuwa somo. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo: wanafunzi washiriki kupanga, waone hesabu, waamue mapato yatumikeje. Sisi tulipewa jembe. Mahindi yaliuzwa shilingi ngapi, hakuna aliyetuonyesha daftari, na kipindi cha hesabu tulikokotoa bei za vitu tusivyowahi kuviona.

Ila muulize mhadhiri maksi anazitoa kwa lipi. Kama anahesabu saa ulizokaa pale, utajaza fomu tu. Kama anataka uonyeshe ulichokikuta na kwa nini hakifanani na mlichofundishwa, nenda.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu huku, najua ugumu ulipo. Hisa hazisumbui. Kinachovuruga ni mkopo uliorudishwa nusu, faini ya kuahidi, na hela ya mfuko wa jamii iliyotoka usiku wa msiba ikaandikwa nyuma ya bahasha. Siku ya kuvunja kikoba, yaani kugawana fedha, makufuli yote matatu ya sanduku yanafunguliwa, fedha na daftari vinakataana, na watu wanaanza kutazamana wakati hakuna aliyeiba. Halafu ukitaka mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo wanawake wana 4, vijana 4 na wenye ulemavu 2, lazima kikundi kiwe kimesajiliwa. Hata Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imetutambua, tuko daraja la nne, la vikundi vya kijamii. Kwa hiyo vitabu vya kikoba si mchezo wa akina mama, mwambie hivyo yeyote atakayekucheka darasani.

Usiwapelekee programu ya kompyuta kwa sababu ndiyo unayoijua. Waulize kwanza wanakwama wapi, kisha kaa na katibu wao mpaka aandike mwenyewe bila wewe kushika kalamu. Na kwenye ripoti usitaje jina la mdaiwa hata mmoja. Deni likisomwa chuoni asubuhi, jioni liko sokoni Uyole.

Angalia pia tarehe. Vikoba vingi huvunjwa Desemba, watu wanataka hela ya sikukuu na mahitaji ya shule ya Januari. Mwombe mhadhiri akuruhusu kukusanya ripoti baada ya mgao, hata kama wenzako watatangulia. Ukiondoka kabla ya siku hiyo hutajua kama hesabu zako zilikuwa sawa, na wao watabaki na daftari la mgeni.

Akikataa, njoo kwetu. Sisi tunavunja mwezi wa sita, na kuna daftari la faini ambalo mwenyekiti hataki hata kuliona.

Baba yako anakusalimu.

Mama