"Uhuru Sasa Shule" ni Kiswahili au siyo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika utafiti kuhusu elimu ya Wamarekani weusi mijini, nimekutana na shule ilianzishwa Brooklyn 1970 inaitwa Uhuru Sasa Shule. Mbona imekaa kinyumenyume? Na mwanzilishi anaitwa Jitu Weusi, hiyo nayo imekaaje?

JIBU: Marahaba. Kinyumenyume kweli, sisi tungesema Shule ya Uhuru Sasa, shule inatangulia halafu ndo linakuja jina, wenzetu wamechukua maneno yetu wakayapanga Kiingereza. Ila usicheke haraka. Panda daladala Dar, konda anauliza "Jangwani sekondari wapo?" na hakuna abiria atakayemrekebisha aseme Shule ya Sekondari ya Jangwani, ataambiwa tu shusha. Sasa jaribu "Jangwani shule", ulimi unagoma. Sekondari imekubali kukaa mkiani kwa sababu tumeipokea na mpangilio wake wa kigeni, shule nayo ni ya kuja (tumeitoa kwa Wajerumani) lakini imeshakuwa mwenyeji, inataka kukaa mbele.

Huyo Jitu Weusi alizaliwa Leslie Campbell, alikuwa mwalimu wa shule za serikali hukohuko Brooklyn mpaka ukaja ule mgogoro wa 1968, wazazi weusi wanataka kuziendesha shule za mtaani kwao na chama cha walimu kimegoma. Kisarufi ingekuwa jitu jeusi. "Weusi" ni ya watu weusi, au ni nomino, yaani hali yenyewe ya kuwa mweusi, na mimi nalisoma hivyo, majina mawili yamekaa jirani kama Juma Uhuru, na majina ya watu hayadaiwi upatanisho. Tatizo langu ni "jitu" lenyewe, maana kwetu bibi akisema jitu linakuja watoto wote chini ya shuka! Yeye nadhani alitaka ukubwa tu. Linganisha na mshairi wa Chicago, Haki Madhubuti, naye mtu wa shule za watoto weusi tangu 1969, hilo hata ulipeleke kwa mzee wa Lamu halina pa kushika.

Kwenye utafiti wako usiwasahihishe, jina libaki lilivyo. Andika "shule ya Brooklyn iitwayo Uhuru Sasa Shule", usije ukaandika "shule ya Uhuru Sasa Shule", hapo kosa litakuwa lako sasa.